Ukurasa Uliokunjwa Kona

Baba yangu alikuwa karani wa duka la jumla, mtaa wa nyuma ya Marikiti, Mombasa. Aliingia hapo 1961 akiwa kijana wa miaka 19, akatoka 1994 macho yalipopungua nguvu. Duka liliuza unga, sukari, mchele, mafuta ya nazi, sabuni za mche na viberiti, nusu kwa fedha mkononi na nusu kwa deni. Nusu hiyo ya deni ndiyo iliyokuwa chini ya kalamu ya baba.

Daftari lake halikuwa la shule. Lilikuwa refu na jembamba, limevishwa kitambaa chekundu na kushonwa kwa uzi mweupe, la aina ambayo Wagujarati huiita bahi. Tajiri aliandika hesabu zake mwenyewe kwa Kigujarati katika madaftari mengine, na kila Diwali ilipofika alifungua mapya kwa sala. Wateja Waswahili, Wadigo, Wagiriama na Wakamba, wale waliochukua mali ya kwenda kuuza vichochoroni, waliandikwa na baba kwa Kiswahili, kwa mwandiko uliolalia kulia.

Kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Juu kabisa jina, jina la baba yake, mtaa na kazi: muuza maandazi, Likoni, karibu na mkwaju. Chini yake wino wa buluu kwa mali iliyotoka, wino mwekundu kwa fedha iliyoingia. Ikipita miezi mitatu bila tone la wekundu, baba alikunja kona ya juu ya ukurasa, akaibana kwa ukucha wa kidole gumba. Hapakuwa na barua wala onyo. Lakini ukurasa uliokunjwa kona hauongezwi mali, na kwa kuwa karani wa duka hili alikunywa kahawa na karani wa duka lile, ikifika Ijumaa mtaa mzima ulijua nani amekunjwa.

Mimi nina saiba Mwembe Tayari, mwaka wa kumi na sita sasa. Nachapisha vyeti, najaza fomu za serikali, natoa nakala. Katika wateja kumi wa asubuhi, wawili watatu wamekuja kwa shida moja: jina limeingia CRB, kwenye orodha ya kampuni za taarifa za mikopo, wanataka litoke. Wengi wao wameshalipa mtu kabla ya kufika kwangu. Wamelipa 1,500, wamelipa 3,000, mmoja alilipa 8,000 kwa deni la 2,300. Nimekulia kando ya daftari la kitambaa chekundu na ninafanya kazi kando ya hilo lingine lisiloshikika, na kwa yote mawili nimeona jambo lile lile: jina hutengenezwa pale lilipoharibikia, na huko huenda mwenyewe. Biashara ya kumtengenezea mtu jina imekua kwa sababu watu wamesahaulishwa njia ya kwenda.

Pwani yetu ilijua kukopeshana kabla ya benki yoyote. Neno lenyewe tulilotumia linaeleza: mali kauli. Unapewa bidhaa, na ulichoweka rehani ni kauli yako. Karne ya kumi na tisa Unguja iliendesha biashara kubwa kwa njia hiyo. Matajiri wa Kihindi wa mjini, Taria Topan akiwa mmoja wa wakubwa wao, waliwapa wafanyabiashara wa misafara vitambaa, shanga na bunduki, na wao wakaingia bara kutafuta pembe. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, alipewa mali na Taria Topan kwa safari iliyoanza mapema miaka ya 1870, na hakurudi Unguja hadi 1882. Fikiria mdai anayesubiri miaka hiyo yote. Biashara ile ilikuwa na damu, kwa maana nyuma ya pembe walikuja watu waliofungwa minyororo, na siisifu. Nataka tu kuonyesha jina lilikuwa na uzito gani. Wengine waliokosa pembe za kutosha hawakurudi kabisa. Walikaa Tabora, walikaa Ujiji, wakaoa, wakazeeka huko, kwa sababu Unguja kulikuwa na karatasi yenye majina yao. Na aliyetaka kurudi alijua la kufanya: atangulize pembe, kisha aje mwenyewe asimame mbele ya mdai. Hakuna aliyeweza kumsimamia mwingine kwa jambo hilo, isipokuwa mdhamini aliyekuwa tayari kuandikwa yeye badala yake.

Ukoloni ukaleta sheria zake. Tanganyika ilipata ya kuzuia mikopo kwa wenyeji mwaka 1923. Kenya nayo ilikuwa na zake, na ile ya 1948 ndiyo ambayo wazee waliikumbuka, kwa sababu ilikuwa na nambari: shilingi 200. Mwafrika akidaiwa zaidi ya hapo na asiye Mwafrika, bila idhini ya serikali, mahakama haikumsaidia mdai kulipata deni lake. Sababu iliyotolewa ni kumkinga Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yalikuwa kwamba hakuna aliyetaka kumkopesha kitu cha maana. Mtu wa Kisauni aliyetaka kununua lori au kufungua duka la kweli hakuwa na jina baya, hakuwa na jina zuri, hakuwa na jina. Mbele ya sheria kauli yake ilikoma kwenye shilingi 200, na juu ya hapo alikuwa kama mtoto. Baba alilieleza jambo hili kwa uchungu hadi uzeeni. Alisema dukani kwao mali ilitoka kwa zaidi ya kiasi hicho hata hivyo, kwa imani tu, na waliolipa walilipa bila mahakama.

Nije kwenye ukurasa wenyewe, maana hapa ndipo ninapopajua kuliko kwingine.

Kulikuwa na muuza samaki wa Likoni. Jina lake silitaji, wajukuu zake wako hai. Yeye hakuchukua samaki dukani, alichukua unga, mchele na mafuta, mke wake akiyauza kwa vipimo nyumbani huku yeye akishughulika na samaki. Kusi moja, baba alikadiria ni ya 1973, bahari ilichafuka kwa wiki nyingi. Samaki hakuna, mtaji ukaliwa nyumbani, na deni likasimama kwenye shilingi 310. Kona ikakunjwa. Yule bwana akawa hapiti tena mtaa wetu. Akitoka feri huzunguka mbali asionekane.

Nje ya duka, kwenye benchi la kahawa, alikuwapo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwasemea watu. Leo tungemwita broka. Alikuwa hodari wa maneno, alimjua tajiri, alimjua na karani, na kwa shilingi kumi au kumi na tano alijitolea kuingia ndani kuomba kona ikunjuliwe. Muuza samaki akampa kumi na tano. Yule mtu akaingia, akazungumza vizuri, akaeleza habari za kusi na watoto. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza neno moja: "Mwenyewe anaumwa?" Akajibiwa haumwi. "Basi aje."

Alikuja siku ya tatu, baada ya alasiri, duka likiwa halina watu wengi. Baba alisema alifungua fundo la kikoi chake akatoa shilingi 40, akaziweka juu ya meza moja moja. Hakuomba kufutiwa. Alisema bahari imetulia, atakuwa akileta 20 kila Jumamosi. Tajiri aliitikia kwa kichwa kumwelekea karani. Baba akaandika 40 kwa wino mwekundu, akaikunjua ile kona, akailaza kwa ukucha ule ule ulioikunja. Halafu yule bwana akapewa kilo tano za unga, kilo tano tu, yeye aliyezoea kubeba gunia. Wiki iliyofuata kumi. Kabla ya Ramadhani gunia lilikuwa limerudi.

Baba alipenda kunionyesha kwamba alama ya mkunjo haitoki. Ukipitisha kidole juu ya ukurasa uliowahi kukunjwa unaisikia. Lakini wino uliofuata uliandikwa juu ya alama hiyo hiyo, na mwaka ukipita hakuna aliyeitazama. Na zile 15 za mtu wa benchi hazikuandikwa popote. Kwake yule mdaiwa zilikuwa kumi na tano ambazo zingeweza kupunguza deni, nazo hazikulipunguza.

Sasa tuone daftari jipya lilivyokuja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 benki za Kenya zilianza kuanguka. Rural Urban Credit Finance na Continental zilitangulia, na 1998 ilikuwa mbaya zaidi, Trust Bank ikiwa miongoni mwa zilizofungwa mwaka huo. Sababu hazikuwa moja. Kulikuwa na siasa, kulikuwa na wakurugenzi waliojikopesha wenyewe fedha za wateja. Lakini moja ilikuwa hii, kwamba mtu aliweza kuchukua mkopo benki hii, asilipe, akavuka barabara akachukua mwingine benki ile, kwa kuwa makarani wa benki hawakunywa kahawa pamoja. Bunge likarekebisha sheria ya benki 2006, kanuni za kampuni za taarifa za mikopo zikatolewa 2008, zikaanza kazi Februari 2009. Mwaka huo huo ndio baba alifariki. Kampuni ya kwanza ilipewa leseni 2010 kwa jina la CRB Africa, ikaja kuchukua jina la TransUnion ya Chicago. Metropol ikafuata 2011, Creditinfo 2015.

Mwanzoni benki zilitakiwa kupeleka mabaya tu. Anayelipa kila mwezi hakuandikwa kokote. Aliyeshindwa ndiye aliyeandikwa. Ni daftari lenye wino mmoja. Kanuni za 2013 ndizo zilizoingiza na mazuri, lakini neno CRB lilikwisha kuota maana ya jela katika vinywa vya watu, na mpaka leo mteja wangu hasemi "nina taarifa CRB." Husema "niko CRB," kama asemavyo mtu aliyefungwa Shimo la Tewa.

Halafu simu ikaanza kukopesha. M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012, KCB M-Pesa 2015, Fuliza 2019, na katikati yake Tala, Branch na nyingine nyingi zikajaa. Sikatai faida. Nimeona mama wa mboga wa Kongowea akiukuza mtaji wake kwa mkopo wa saa kumi alfajiri, aurudishe magharibi. Ila mdai sasa hana uso. Haketi nyuma ya meza, hamuoni mtu akifungua fundo la kikoi. Anaona tarehe. Tarehe ikipita, mashine inaandika. Washauri wa MicroSave Consulting walitoa hesabu 2019: watu milioni 2.7 walikuwa wameandikwa vibaya ndani ya miaka mitatu, na 400,000 kati yao kwa deni lisilofika dola 2. Dola 2 za wakati huo ni kama shilingi 200. Niliposoma nambari hiyo nilimkumbuka baba. Mwaka 1948 shilingi 200 ndiyo iliyokuwa dari ya kauli ya Mwafrika, na 2019 kwa kiasi hicho hicho, tena cha shilingi isiyonunua hata kilo mbili za mchele mzuri, jina la mtu lilifungiwa mlango wa benki zote.

Na si wa benki tu. Ofisi za serikali, na waajiri wengine wakaiga, zilidai kutoka kwa mwombaji kazi cheti kwamba hayuko CRB, pamoja na cheti cha polisi, cha KRA ya kodi, cha HELB ya mikopo ya wanafunzi na cha tume ya maadili. Cheti cha CRB kilikuwa shilingi 2,200. Kijana aliyetoka chuo bila senti alitakiwa alipe 2,200 kuonyesha kwamba hadaiwi. Nimewachapishia mamia, nikiwatazama wakihesabu noti za hamsini. Hapo ndipo mabroka walipopata soko lao.

Nawaeleza kwa kuwa nimewaona. Wapo wanaobandika karatasi kwenye nguzo za stima: jina litoke CRB kwa saa 24. Wapo mitandaoni. Wapo wanaokaa nje ya majengo yenye ofisi za mikopo, shati safi, faili mkononi. Wanachouza ni cha namna tatu. Wa kwanza anakufanyia kile ambacho ungefanya mwenyewe bure au kwa ada ndogo: anaomba taarifa yako, anakusomea nani anakudai, anakuambia ulipe. Huyo angalau amefanya kazi. Wa pili anachukua fedha ukiwa umeshalipa deni, anasubiri mdai apeleke habari za malipo kama anavyotakiwa na kanuni, kisha anakupigia simu kujisifu. Wa tatu anakuchapishia cheti cha uongo.

Mimi nilimpata wa tatu.

Mwaka 2016 nilikopa shilingi 1,500 kwa simu, mtoto akiwa na homa. Nilirudisha mara mbili, na malipo ya mwisho yalikuwa 870. Nililipa kwa Lipa Bili, lakini nambari ya akaunti, ambayo ilitakiwa kuwa nambari yangu ya simu, niliiandika pungufu ya tarakimu moja. Fedha zikafika kwa mkopeshaji, zikakaa bila mwenyewe. Baadaye simu ikaibwa, nikabadili laini, na jumbe zao zote zikawa zinakwenda hewani. Miaka miwili nikatembea na jina lililokunjwa bila kujua. Nilijua 2018 nilipoomba 180,000 benki ya kununulia mashine ya fotokopi. Yule kijana wa mikopo aligeuza uso wake kutoka kwenye kompyuta akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, uko CRB." Hakuniambia ni nani aliyeniandika. Hakuniambia kwamba aliyenyimwa mkopo kwa sababu hiyo ana haki ya kupewa taarifa yake bure. Niliondoka na aibu ya mtu anayezunguka mbali asionekane.

Nje nikakutana na mwenye faili. Nilimpa 3,500. Baada ya siku mbili alinitumia cheti, kina nembo, kina muhuri, kina majina yangu yote matatu. Nilirudi nacho benki nikiwa nimevaa vizuri. Yule kijana alikiangalia, akaangalia kitambulisho changu, akaviweka kando kwa kando akaniacha nione mwenyewe: tarakimu mbili za mwisho za nambari ya kitambulisho zilikuwa zimepinduliwa, na ukingo wa nembo ulikuwa na ukungu wa kitu kilichokuzwa kutoka picha ndogo. Mimi ninayechapisha karatasi kila siku nilipaswa kuuona ukungu ule kabla yake. Sikuuona kwa sababu nilitaka mno kile cheti kiwe cha kweli.

Usiku ule nilitoa daftari la baba kabatini. Sikuwa natafuta jibu. Nilitaka kushika kitu chake. Nikapitisha kidole juu ya kurasa zilizokunjwa na kukunjuliwa, nikakumbuka "Basi aje."

Njia ilikuwa hivi. Niliomba taarifa yangu mwenyewe, maana kila mtu ana haki ya moja bure kwa mwaka. Ilikuja kurasa nne. Nikasoma mstari kwa mstari mpaka nikamkuta aliyeniandika, kiasi na tarehe: 870. Nikaomba stetimenti ya M-Pesa ya 2016, nikaichapisha, nikapiga mstari chini ya malipo yale na chini ya nambari ya akaunti iliyopungua tarakimu. Nikaandika barua moja ya ukurasa mmoja, nakala kwa mkopeshaji na nakala kwa CRB, nikisema fedha hizi nilizileta tarehe hii, ziko kwenu, ushahidi ni huu. Nikaambatisha nakala ya kitambulisho. Kanuni zinasema taarifa inayobishaniwa ichunguzwe, na mleta taarifa athibitishe au airekebishe. Sikulala nikisubiri. Nilipiga simu kila Jumatatu na Alhamisi, nikiandika jina la aliyepokea na saa. Wiki ya nne ujumbe uliingia: fedha zimepatikana, deni limefungwa, taarifa imerekebishwa. Gharama yote, pamoja na matatu ya kwenda kupeleka barua kwa mkono, haikufika shilingi 600.

Kama ningekuwa nadaiwa kweli, njia ingekuwa ile ile isipokuwa sehemu moja: ningelipa, au ningeomba nilipe kidogo kidogo, na ningepewa barua ya kumaliza deni. Rekodi ingebaki na habari kwamba niliwahi kuchelewa, kwa miaka mitano, na hakuna broka duniani anayeweza kuifuta habari ya kweli. Hili nawaambia wateja wangu wazi, na wengine hawalipendi. Alama ya mkunjo inabaki. Kinachotakiwa ni wino mpya juu yake.

Marekani, ambako biashara hii ya kuandika majina ilianza zamani, wamepitia haya haya. Lewis Tappan, mfanyabiashara wa New York na mpinzani mkubwa wa utumwa, ndiye aliyeanzisha 1841 shirika la kukusanya habari za wakopaji mji kwa mji. Madaftari ya shirika lile, zaidi ya 2,500, yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Waliandikwa watu bila kujua wameandikwa nini, na ilichukua hadi 1970 kwa sheria kumpa Mmarekani haki ya kusoma habari zake na kuzipinga. Wenye kuuza huduma ya kusafisha majina walipozidi, ikatungwa nyingine 1996 inayowakataza kupokea fedha kabla ya kumaliza kazi waliyoahidi. Kifungu kimoja tu cha namna hiyo kingeziokoa 3,500 zangu, na 8,000 za yule mteja.

Kwetu mambo yamesogea. Aprili 2020, corona ikiwa imeanza, Benki Kuu ilizuia deni lililo chini ya shilingi 1,000 lisipelekwe CRB, ikafuta ada ya cheti kwa anayekichukua mara ya kwanza, na ikawaondolea ruhusa ya kuandika watu wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa na yeyote. Novemba 2022 ikatangaza mpango wa kutengeneza majina ya waliokopa kwa simu mikopo ya siku 30 kushuka chini kutoka benki. Waliotajwa walikuwa zaidi ya milioni 4.2, deni lao lote kama shilingi bilioni 30, na benki ziliombwa ziwasamehe angalau nusu ikiwa nusu nyingine italipwa kufikia mwisho wa Mei 2023. Ulikuwa mpango mzuri. Mwenye deni la 4,000 alitakiwa 2,000. Lakini miezi ile mabroka waliongezeka Mwembe Tayari, wakiuza "nafasi" ya kuingizwa katika mpango ambao mtu alikuwa tayari yumo kwa kudaiwa kwake tu. Mwanamke mmoja wa Bombolulu alilipia nafasi hiyo 1,000. Deni lake lilikuwa 1,900, kwa hiyo lile alilotakiwa kulipa lilikuwa 950.

Alinijia akilia. Tulipiga simu benki pale pale kaunta, nikampa simu azungumze mwenyewe. Mwanzo alikuwa ananigeuzia macho kila anapoulizwa swali, anataka nijibu mimi. Nikatikisa kichwa. Akataja jina lake, nambari yake, akasema ana 500 leo na 450 Ijumaa. Ijumaa alirudi saa tatu asubuhi, akaomba nimchapishie ule ujumbe wa kukiri malipo ingawa haukuhitaji kuchapishwa. Aliukunja mara nne akautia ndani ya khanga.

Daftari la mwisho la baba, la 1993 na 1994, liko kwenye rafu juu ya printa. Kurasa nyingi zimefungwa kwa mistari miwili myekundu, maana yake deni limekwisha. Mmoja una kona iliyokunjwa bado: muuza kaimati, Majengo, shilingi 420, malipo matatu mekundu halafu hakuna. Duka lilifungwa, tajiri alihamia kwa wanawe ng'ambo, na mahali pale leo panauzwa vifuniko vya simu. Mpwa wangu aliliona daftari majuzi akataka kuinyoosha ile kona, karatasi isije ikakatika. Nilimzuia mkono. Kuna siku nitakwenda Majengo kuuliza.